Msingoje mwaka wa uchaguzi ndipo mje kutupatanisha

Mhariri,

Mimi ni muuza mitumba katika soko la Toi, hapa kando ya Kibera, na nimekuwa katika kikundi kimoja cha akiba kwa zaidi ya miaka ishirini. Naandika kwa sababu mialiko inakaribia kuanza tena: warsha ya amani, kongamano la amani, mafunzo ya mabalozi wa amani. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027, na sisi huku tunaijua ratiba hiyo kama tunavyojua msimu wa mvua. Mashirika huja miezi sita kabla ya kura na huondoka mwezi mmoja baada ya matokeo.

Nisieleweke vibaya. Simo katika wale wanaosema mashirika ya kiraia ni ya kula pesa za wafadhili tu. Nimeona kazi yao ikiokoa watu, na ndiyo maana naumia nikiona inafanywa kwa haraka na kwa msimu.

Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, soko letu liliteketezwa. Vijana waling'oa reli inayopita Kibera, na watu walihama usiku na magodoro kichwani. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu waliouawa nchini kuwa 1,133. Sisi hata hatukutaja makabila kwa sauti. Tulitaja vijiji: huyu wa Gatwekera, yule wa Laini Saba, hawa wa Makina. Ukiulizwa "wewe ni wa upande gani?" ulijua swali ni lipi hasa.

Mweka hazina wa kikundi chetu alikuwa wa upande ambao wenzangu waliapa hawatauziana nao tena hata chumvi. Daftari la akiba lilikuwa nyumbani kwake. Wengi wetu tulikata tamaa, tukasema daftari limekwenda na pesa zimekwenda, na nakiri hata mimi nilisema hivyo. Wiki chache baadaye alikuja sokoni asubuhi, peke yake, daftari amelifunga ndani ya leso. Alilifungua juu ya kipande cha bati kilichoungua. Akaanza kusoma. Jina, kiasi. Jina, kiasi. Shilingi ishirini, shilingi hamsini, za watu wa pande zote. Akifika kwa mtu ambaye hayupo alinyamaza, na mmoja wetu akasema alipo: yuko uwanja wa maonyesho wa Jamhuri na watoto, amerudi kwao mashambani, yuko kwa dadake Kawangware. Hakuna aliyepaza sauti. Baadaye, vibanda vilipoanza kujengwa upya na watu kugombania nafasi, tulirudi kwenye daftari lile lile kuona nani alikuwa anauza wakati soko lilipoungua.

Februari 28 mwaka huo, Rais Kibaki na mpinzani wake Raila walitia saini mkataba wao wa kugawana mamlaka pale Harambee House, msuluhishi Kofi Annan akiwa kando yao. Tulishukuru sana, maana mauaji yalipungua. Lakini saini zile hazingeweza kumwambia jirani yangu kama ni salama kurudi kwenye chumba alichokuwa amepanga. Jibu hilo alilipata kwa akina mama wa kikundi, waliokwenda naye mpaka mlangoni.

Sokoni kwetu neno kuaminiana lina maana unayoweza kuishika mkononi. Mtu akikuaminia mtumba, unaufungua na kuuza, kisha unamletea pesa yake jioni au Jumamosi. Ukikosa, wote wanajua. Uaminifu wa namna hii hauletwi na hotuba. Unakua kidogo kidogo, na ukishakuwepo, siku ya moto ikifika mtu anajua nani wa kumpigia simu ng'ambo ya reli.

Vikundi kama chetu vina uhusiano na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa vitongoji duni lililoanza 1996. Kazi yao ilikuwa akiba, ardhi na kuzuia watu kufukuzwa makwao. Hawakuja kutuhubiria amani, lakini walituacha na mazoea ya kuketi pamoja kila wiki tukihesabiana pesa hadharani.

Na si Nairobi tu. Mapema miaka ya 1990 koo zilipopigana Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, wanawake, akiwemo marehemu Dekha Ibrahim Abdi, walianzia sokoni. Walitaka mwanamke wa ukoo wowote aweze kununua na kuuza bila kufukuzwa, wakaweka watu wa kuangalia mambo yanavyokwenda kila siku. Kutoka hapo ndipo walipowafikia wazee, na mwaka 1993 wazee wakakubaliana katika Azimio la Al-Fatah. Kamati za amani tulizonazo leo zina mzizi katika kazi ile ya Wajir. Watu wanaikumbuka kamati na kulisahau soko.

Sasa nieleze ninachokilalamikia. Kabla ya uchaguzi mmoja uliopita tulialikwa hotelini mjini, watu kama arobaini hivi. Tulitia saini orodha ya mahudhurio mara mbili, asubuhi na baada ya chakula. Tulipewa fulana nyeupe zenye picha ya njiwa. Mwezeshaji alitupanga mistari miwili tukitazamana, kila mmoja akaambiwa amshike mkono aliye mbele yake na kusema "nimekusamehe." Mama aliyekuwa mbele yangu aliunguliwa nyumba 2008. Alinishika mkono kwa sababu mpiga picha alikuwa anangoja. Nilitaka kumuuliza alipoteza nini, lakini muda ulikuwa umekwisha, ikaja chai. Sijamwona tena, na nambari ya shirika lile tulipoipiga Septemba haikupokelewa.

Machi 2023, wakati wa maandamano, kanisa na msikiti vilichomwa hapa Kibera. Haukuwa mwaka wa uchaguzi. Hakukuwa na fulana wala hoteli. Usiku ule simu zilikuwa za watu wanaofahamiana: wazee wa mtaa, viongozi wa dini, vikundi vya vijana, akina mama wa akiba. Nani aliwafadhili hao?

Najua mashirika nayo yana shida zake. Tangu Marekani ilipokata misaada mapema 2025, ofisi nyingi zimepunguza wafanyakazi. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa 2013 na ikaanza kutumika Mei 2024, miaka kumi na moja ikipotea bure. Lakini kikundi chetu hakihitaji hoteli. Kinahitaji mtu mmoja aliyefundishwa usuluhishi, anayelipwa, anayekaa huku miaka minne mitano mpaka watoto wamjue kwa jina. Wafadhili waache kuuliza ni wangapi walihudhuria, waulize ni vikundi vingapi vya watu mchanganyiko bado vinakutana mwaka mmoja baada ya kura.

Kisha kuna jambo ambalo kazi hii haiwezi kulikwepa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa rais Mei 2013. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Yule mama wa warsha anastahili kuulizwa kama amewahi kuona chochote. Shirika linalotaka tuaminiane na linaogopa kuliuliza swali hilo kwa sauti linatuomba tusahau, na sisi tunalitambua upesi kuliko linavyodhani.

Kikundi chetu hukutana kila Alhamisi saa tisa alasiri, soko likipoa. Daftari ni jipya, la zamani tumelihifadhi. Anayetaka kuanza kazi ya 2027 aje wiki hii, akae kwenye benchi asikilize majina yakisomwa, na wiki ijayo aje tena.

Muuza mitumba,
Soko la Toi, Nairobi