Wifi kasema msahafu nimeuweka kwenye kiti cha sanamu

Shangazi, assalaam alaykum.

Sijalala. Mume wangu anakoroma hapa ubavuni, raha mustarehe, na mimi bado naisikia sauti ya wifi yangu mbele ya wageni wa khitma, vikombe vya kahawa vimo mikononi mwa watu: "Msahafu kauweka kwenye kiti cha sanamu." Hakunivuta pembeni, hakuninong'oneza. Kwa sauti, majirani wa chini wakatazamana.

Nyumba zetu za Mji Mkongwe unazijua. Hii yetu ilikuwa hekalu la Wahindi. Wenyewe waliondoka baada ya 1964, ikakatwakatwa vyumba, babamkwe akapewa huku juu. Mume wangu kazaliwa humu. Na huyo wifi kazaliwa humu humu! Kile kidaka kikubwa cha ukuta wa mashariki, chenye maua ya chokaa pembezoni, amekua akifichia shanga zake na madaftari. Leo ndiyo kimekuwa kiti cha sanamu.

Mimi nilikikuta kimepakwa rangi ya mafuta ya kijani, kimejaa betri mbovu na sufuria zisizo na mifuniko. Nikakikwangua kwa mkono wangu, nikapaka chokaa nyeupe, nikaweka marufaa na msahafu wa marehemu babamkwe. Kwenye boriti kuna chuma kilichokuwa kikitundikiwa kengele, nikatundika taa ya shaba. Mapazia nimeshona mwenyewe. Sikugusa senti ya mtu. Na kila aingiaye husema pamependeza, hata yeye wifi Sikukuu iliyopita alijipiga picha hapo hapo chini ya taa.

Wala kibla hakiko huko. Kibla chetu kaskazini, tukisali kidaka kiko mkono wa kulia. Nimemuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, akanambia pahala pakitoharishwa pametoharika, Al-Kaaba yenyewe ilikuwa na masanamu 360 mpaka Mtume (S.A.W.) alipoifungua Makka, mwaka wa 8 Hijria. Na Mkunazini si kanisa limejengwa palipokuwa soko la watumwa, na watu wanaingia wanasali? Haya yote ningeweza kumjibu siku ile. Sikumjibu, maana yule ni damu ya mume wangu, nikangoja mume mwenyewe aseme. Akamimina maji, akanywa.

Jana mume wangu kaja na fundi. Eti kidaka kizibwe kwa saruji, na chini ya boriti ipigwe dari ya jipsamu, "tumalize maneno." Shangazi, kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukizipiga saruji unyevu unakwama ndani, chumvi inatoka, lipu inamwagika. Si alipiga mwenyewe chumba cha watoto? Kila asubuhi nafagia unga mweupe nyuma ya kitanda cha mtoto. Na boriti zikishafichwa na jipsamu, zikioza nani atajua? Lile jumba kongwe la Beit al-Ajaib lilipoporomoka 2020 sote tulikwenda kutazama, na yeye alikuwepo. Halafu Mamlaka ya Mji Mkongwe haijapelekewa hata ombi la kibali. Nilipomwambia haya akanijibu, "Unanisomesha nyumba ya baba yangu?"

Kidonda juu ya kidonda.

Lililo nyuma ya yote ni mamamkwe. Macho yamemchosha, anatakiwa awe karibu na hospitali, na ilikuwa aje akae kwetu. Wifi sasa anasema mama hawezi kulala chumba chenye mambo yale. Mama kalala humu ujana wake wote, kazaa humu! Mwenyewe hajasema kitu. Mimi sijamkataa, Mungu ni shahidi. Ila ngazi zetu unazijua zilivyosimama, na wa kumshika mkono kushuka na kupanda ni mimi peke yangu, kwa hiyo akikaa kwa wifi Mwanakwerekwe labda ni nafuu kwa sote. Lakini asipokuja watasema mimi na kidaka changu ndio tuliomfukuza. Nataka aje.

Mara nyengine nasema basi, tuhamie Fumba, nyumba mpya isiyo na historia ya mtu. Nikishasema hivyo nalitazama lile taa na hasira zinarudi upya: nihame mimi, kwa neno la mtu aliyekuja kula kwangu?

Fundi anarudi Jumamosi na mifuko yake ya saruji. Nimfungie mlango? Au msahafu niutie kabatini, yaishe? Nikiuondoa si nitakuwa nimekubali kwamba alilolisema ni kweli? Usiniambie nisubiri, kusubiri nimesubiri. Niambie namna ya kumuuliza mume wangu kwa nini siku ile hakunena hata neno moja, na nimuulize kabla ya Jumamosi au baada yake.

Mimi, wa ghorofa ya juu
Mji Mkongwe, Unguja