Barua kwa Shoga Yangu wa Maskati: Basi Nimeiona

Kibokoni, Mombasa
Januari 2025

Shoga yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Huku sote tu wazima, alhamdulillahi, ila joto la kaskazi latunyima usingizi na madafu yamepanda bei. Jumbe zako za sauti nimezisikiliza zote tatu. Waniuliza, "Wewe hujaiona tu, na dunia nzima imeshaiona?" Basi nimeiona. Jumamosi nilimchukua mtoto wa kakangu, yule wa miaka saba, tukapanda tuktuk, tukavuka Daraja la Nyali, tukaketi sinema kuitizama Mufasa, ile picha mpya ya simba ya Disney. Na kwa kuwa ndiwe uliyenisukuma, utanisikiliza mpaka nimalize.

Nianze na lililoniudhi. Picha ile imepigiwa debe mpaka nilipokaa kitini nilijiona kama naitizama mara ya pili. Tangu kabla ya likizo trela inanifuata simuni: nikifungua mapishi, trela, nikitafuta bei ya kitambaa, trela. Mtoto alikuwa ameshaihifadhi kama sura ya chuoni. Gharika lilipomchukua simba mdogo na kumtenga na wazazi wake, pale ambapo roho ilitakiwa ipae, akanishika mkono akaninong'oneza, "Usiogope, shangazi. Hafi." Yeye ndiye wa kutulizwa, naye ananituliza mimi. Iliniuma, wallahi. Mtoto wa miaka saba ana haki ya kuogopa maji ya kwenye picha, akafumba macho, kisha akafumbua akakuta simba yu hai. Raha ile ameporwa na watu waliokuwa na haraka ya kumuuzia tiketi.

Ila kuna kitu hawakumharibia, kwa sababu wao wenyewe hawakujua kama kimo. Yule nduguye Mufasa, atakayekuja kuitwa Scar, simba mbaya wa picha ya kwanza, udogoni jina lake ni Taka. Sijui huko kwenu mliipokeaje, lakini hapa kila walipomwita "Taka!" watoto ukumbi mzima waliangua kicheko. Walioandika waliona jina, sisi twasikia jaa. Wa kwangu hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Shangazi, kwao wote wamwita hivyo? Hata mamake?" Nikamwambia naam, hata mamake. Akanyamaza kitambo kirefu. Baadaye Taka alipomgeuka nduguye, kila mtu akiguna, yeye akasema kwa sauti ambayo hata safu ya mbele waliisikia: "Si walimwita taka."

Nimekaa na neno hilo wiki nzima. Barry Jenkins ndiye aliyeiongoza picha ile, na sidhani kama aliwahi kuwaza kwamba kuna mahali duniani mtoto ataisikiliza na kuona kuwa ubaya wa yule simba ulianzia kwenye jina. Picha aliyoiona mtoto yule haikutangazwa popote. Na kwangu mimi hiyo ndiyo iliyokuwa nzuri.

Nawe wajua nina kovu la zamani na simba hawa. Them Mushrooms walikuwa vijana wa hapahapa Mombasa, na "hakuna matata" waliiimba ndani ya "Jambo Bwana" mwaka 1982. Picha ya simba ya kwanza ikaja 1994, na Disney wakaenda wakayasajili maneno hayo huko Marekani kuwa alama yao ya biashara. Maneno ya watu, shoga! Tena sisi wenyewe twawaambia watalii tu. Nyumbani mtu akikukanyaga mguu wamwambia haina neno. Najua sheria yao haimkatazi mama wa Bamburi kuyatamka. Lakini siwezi kulizoea jambo hilo, na sitaki kulizoea.

Usidhani nachukia kila shamrashamra. Wakumbuka 2018? Tulishona leso sare kwa ajili ya Black Panther, kama twaenda harusini. Watu tusiowajua wakatusalimu kwa kukunja mikono kifuani, na Lupita Nyong'o alipotokea wanawake wakapiga vigelegele mpaka maneno yake hayakusikika. Kelele zile tulizipiga wenyewe, na ningezilipia tena. Picha yenyewe, nakwambia leo kwa mara ya kwanza, niliipenda nusu. Vita vya mwishoni vilinichosha, na yule Killmonger wa Michael B. Jordan aliniingia moyoni kuliko mfalme. Uchungu wake niliuelewa. Na kile Kixhosa! Nchi ya kwenye picha yasemwa iko upande wetu huu wa Afrika, watu wake wazungumza lugha ya Afrika Kusini. Nilitaka kusema palepale, ukanifinya ninyamaze. Ulifanya vyema. Siku ile haikuwa siku ya kukosoa.

Kaka zetu wakirudi kutoka kibanda cha video Majengo walikuwa na kanuni moja: steringi hafi. Ataanguka ghorofani, atapigwa risasi, hafi. Kisha Agosti 2020 Chadwick Boseman, yule aliyecheza mfalme wa Black Panther, akafariki, ana miaka 43, kwa saratani ya utumbo mpana. Aligunduliwa nayo 2016. Hesabu miaka, uone: alipokuwa akiruka na kupigana mbele yetu, na sisi twapiga vigelegele, alikuwa mgonjwa tayari, na siri yake ameifunga kifuani. Usiku nilipopata habari niliitizama tena, simuni, peke yangu gizani. Safari hii vita sikuviona, wala mavazi. Nilimtizama yeye tu, anavyovuta pumzi kabla ya kusema. Nikaipenda ile nusu iliyobaki.

Juu ya hivi vipindi vya mfululizo na waigizaji wanaogombana mitandaoni wiki ileile picha yao inapotoka, sina maneno. Hizo ni kiki, na wewe mwenyewe hukawii kuzichoka.

Ila nina kesi na wewe kuhusu Vuta N'kuvute. Kitabu cha Adam Shafi tulipokezana mpaka jalada likatoka, nawe ulimlilia Yasmin kuliko mimi. Amil Shivji ameifanya filamu, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, na sikusikia hata mtu mmoja barazani akiitaja. Mimi niliitizama kwa binamu yangu, wanawake wanne mkekani, kaimati katikati. Unguja ya miaka ya hamsini, Mwingereza angali akitawala, na Kiswahili kinatoka kwenye kioo kama kinavyotoka dirishani kwa jirani. Hakuna aliyeyatizama maandishi ya chini. Kiunguja si Kimvita, sawa, lakini nilikaa nikiwasikiliza kwa raha ambayo simba wote wa Disney hawajanipa. Kwa nini yule Mufasa anitafute mpaka jikoni mwangu, na hii niipate kwa kuambiwa na binamu? Swali hilo lanikera kwa kweli.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike barua badala ya kukurudishia sauti. Ile nchi nzuri ambayo wazazi wa Mufasa walimwahidi, wameiita Milele. Kwa walioitunga ni jina tamu la kuimbika. Sisi tulio na watu wetu makaburini twajua huko huendwa vipi. Kila simba mdogo aliposema anakwenda Milele kuwatafuta wazazi wake nilihisi mtu ananibana koo, na mtoto pembeni anatafuna bisi, hana habari. Wewe umeiona, wajua inavyokwisha: afika, na mamake yupo, alimtangulia, amekuwa akimngojea.

Nikalia, shoga. Nililia kilio ambacho sikulia siku ya mazishi, maana siku ile nilikuwa na wageni wa kuwapikia na wewe hukuwepo wa kunishika mkono. Najua tiketi ya ndege haikupatikana, sikulaumu. Marehemu mama alivyokuwa akituhadithia sinema za Naaz na Regal, picha za Kihindi, wanawake na mabuibui yao wakitoka macho mekundu na kucheka kwa kulia kwao! Taa zilipowaka nikatoka na macho yaleyale, natafuta buibui la kujifutia, mtoto anauliza, "Shangazi, si alimpata mamake? Walia nini?"

Ukija Idi, tutakwenda kwanza kumzuru. Kisha waje wale wanawake wa mkekani, mimi nipike kaimati, tuitizame Vuta N'kuvute. Trela yake usiitafute, na mwisho wameufanyaje sikwambii.

Nisalimie watoto na babao.

Ni mimi shogayo wa Kibokoni