Mama Grâce, nenda Ngong Jumapili moja

Kamalondo, Lubumbashi
Jumapili, 18 Mei 2025

Mama Grâce wangu,

Jambo. Jambo sana. Watoto wazima? Baba yao? Na ile miguu yako iliyokuwa inavimba, imeshuka? Sisi huku tuko, Mungu anasaidia. Mvua imekatika, baridi ya asubuhi imeanza kubisha, na vumbi jekundu limerudi kukaa juu ya kila kitu ninachopangusa. Bei ya mfuko wa unga wa bukari sitaki hata kuitaja. Najua nimenyamaza tangu Krismasi, na najua ulimwambia Tantine Odette kwamba nimekutupa. Sijakutupa. Simu ilikufa, nikapata nyingine, halafu Josué akaugua, halafu siku zikapita tu. Nisamehe, tuendelee.

Rachael Blackmore, yule mpandaji wetu wa farasi wa mbio kutoka Ireland, amestaafu.

Umeshasikia? Alitangaza Jumatatu, tarehe 12. Nilikuwa natwanga sombe nyuma ya nyumba, Trésor akanitumia ujumbe, nikaacha mchi ndani ya kinu nikakaa chini. Ana miaka 35. Nimelia, nakwambia wewe kwa sababu wewe utanielewa. Hawa wa nyumbani wananiuliza namlilia mzungu gani ambaye hata hanijui. Ni kweli hanijui. Lakini mimi namjua tangu ile Jumamosi, tarehe 10 Aprili 2021, na wewe ulikuwa umekaa kulia kwangu kwenye kile kibenchi cha Papa Ilunga, tunakunywa munkoyo, jenereta inakohoa nje. Unakumbuka ulivyouliza? Farasi 40 kwenye mstari, wote wapandaji wamevaa kofia ngumu na miwani, sura hazionekani, ukauliza, "Mwanamke ni yupi?" Nikakwambia mwangalie mwenye kijani na dhahabu. Ukamtafuta mpaka mwisho hukumwona, kwa sababu kulikuwa na zaidi ya mmoja mwenye rangi hizo! Tulimjua walipopita kizuizi cha mwisho, jina la farasi wake, Minella Times, likaandikwa juu. Vizuizi 30, karibu kilomita 7, na uwanja wa Aintree, kule Uingereza, mtupu kabisa kwa ajili ya korona. Mbio kubwa kama ile ya Grand National, zinakimbiwa tangu 1839, mpandaji mwanamke wa kwanza kuzishinda anafika na hakuna umati wa kumpigia vigelegele. Basi sisi tukapiga huku Kamalondo. Jirani alidhani kuna harusi.

Na maneno aliyoyasema alipoulizwa, bado nayakumbuka: kwamba saa ile hajisikii mwanamume wala mwanamke, hata binadamu hajisikii. Papa Ilunga alinyamaza muda mrefu baada ya pale.

Sasa nikueleze kilichonichoma. Jumanne jioni tulikutana kwa Papa Ilunga, kama watu wanaokutana matangani, kumzungumzia. Wale vijana wa nyumba ya pari, wanaowawekea farasi pesa, nao wakaja. Mmoja akaanza, eh, macho yake, eh, anavyotabasamu, eh, angekuja huku angeolewa siku moja. Wote wanamsifu, hakuna aliyemtukana, nakubali. Lakini nilisikia moto kifuani. Nikamwambia, mwanangu, miaka yote hii umemwangalia huyu mama na ulichokiona ni macho? Hukuona mikono?

Kwa sababu mimi mikono ndiyo inayonishika, Mama Grâce. Ukipata video yake, itazame polepole pale farasi anapokaribia kizuizi. Wengine utawaona wanahangaika, viwiko vinapiga, wanamvuta, wanamsukuma. Yeye anatulia. Hatamu ziko mkononi, hazikukaza, hazikulegea, mikono inakwenda mbele na kurudi pamoja na shingo ya farasi, kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni huku anafanya kazi nyingine. Farasi mwenyewe anahesabu hatua zake. Akiruka, Rachael anamwachia hatamu zote, na akitua amezikusanya tena, wala hujui amezikusanya saa ngapi. Mwaka 2021 kule Cheltenham, Uingereza, alishinda mara sita kwa siku nne, hakuna mpandaji aliyemfikia wiki ile, lakini ile mbio kubwa ya Gold Cup akawa wa pili juu ya A Plus Tard. Mwaka uliofuata akarudi na farasi huyohuyo. Akamweka nyuma, akasubiri, akasubiri, mimi nikawa napiga magoti yangu, na alipomfungulia waliachana na wenzao kwa urefu wa farasi 15. Hakuna mpandaji mwanamke aliyekuwa ameshinda Gold Cup kabla yake. Ni mikono ile na subira ile. Macho yana kazi gani hapo?

Na Honeysuckle, yule farasi jike! Mbio 16 mfululizo bila kushindwa, yeye juu. Nikikumbuka wale wawili...

Basi kijana yule alinyamaza. Halafu akaniomba nimwonyeshe. Tukatazama kwenye simu yangu mpaka mega zikaisha, na akaniambia, "Mama, kweli anatulia." Nilifurahi kuliko ningeshinda pari. Papa Ilunga naye, unamjua, yule ambaye miaka yote alikuwa hamwekei mwanamke hata fransi mia, alivua kofia yake akaiweka juu ya goti na kusema alikosea. Alisema hivyo mbele ya watu.

Tulibishana kidogo tu juu ya ile sheria ya Ufaransa, ya kuwapunguzia wapandaji wanawake kilo mbili za uzito ambao farasi anaubeba, tangu 2017, baadaye zikawa moja na nusu. Trésor anasema ni kuwadharau. Mimi mwanzoni nilisema kama yeye. Siku hizi nasema, kama kilo ile inamfanya mwenye farasi ampe binti nafasi ambayo asingempa, basi aipewe, ataonyesha mwenyewe akishakaa juu. Rachael hakupunguziwa hata gramu kwa kuwa ni mwanamke, kule kwao hakuna sheria hiyo.

Nashukuru ameondoka kwa miguu yake. Septemba mwaka jana aliumia shingo, akakaa nje miezi mitatu, mimi nilidhani ndiyo basi. Akarudi, na Machi hii akashinda tena Cheltenham. Anaacha akiwa mzima. Wangapi wanaanguka na hawaamki? Michelle Payne, mpandaji mwanamke wa Australia, yule wa Melbourne Cup, mbio kubwa ya kwao, alivunjika fuvu 2004, akaanza upya, na 2015 akashinda juu ya Prince of Penzance, farasi ambaye watu walimpa moja kwa mia. Lakini unajua kwangu Michelle ni Stevie. Kaka yake, mwenye ile hali ya kuzaliwa nayo, Down, ndiye aliyekuwa anamtunza farasi yule, na ndiye aliyetumwa kuokota kura ya nafasi ya kuanzia, akatoka na namba moja. Nilipomwona anamshika farasi, anacheka, nilimfikiria mtu wetu. Wewe unajua nani. Kama mtu angempa hata kuku wa kutunza, badala ya kumficha nyumba ya nyuma... Tutayasema siku tukionana.

Haya. Nimezunguka sana, na kuna jambo naliogopa kuliomba.

Ni Nadège, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Ana miaka 19 sasa, hutamtambua ukimwona, amekuwa mrefu. Tangu mwaka jana anafanya kazi kwenye klabu moja ya farasi hapa mjini. Anafagia mazizi, anabadilisha majani, anawaosha, anawatoa mawe kwenye kwato. Anaondoka hapa saa kumi na moja kasoro alfajiri, gizani, na akirudi nguo zake zinanukia majani makavu na jasho la farasi. Mimi harufu ile naipenda, Josué anaziba pua.

Mwezi wa tatu, usiku, mlinzi alimpigia simu: jike mmoja, Perle, anajitupa chini, anajigeuza, anajitazama ubavu. Nadège akavaa, akaenda na pikipiki usiku ule. Nilimfuata, ningemwachaje? Mama Grâce, nilimwona kwa macho yangu. Aliinua mdomo wa yule farasi akatazama fizi kwa tochi ya simu. Akaweka sikio lake ubavuni, akafumba macho, akasikiliza. Akaenda upande wa pili, akasikiliza. Akaniambia, "Mama mkubwa, tumbo limenyamaza." Nikauliza kwani kunyamaza si vizuri? Akasema tumbo la farasi mzima linanguruma saa zote, na farasi hawezi kutapika, kilichoingia kikikwama kinamuua. Akamfunga kamba akaanza kumtembeza, akamkataza kulala na kujiviringisha. Mzunguko baada ya mzunguko, anamwimbia ule wimbo wa mama yake wa kupepeta unga. Muganga wa wanyama alipofika alfajiri akamtia mpira puani na dawa, akasema aliyemtembeza usiku ndiye aliyemwachia kitu cha kutibu. Asubuhi Perle akatoa mavi, na Nadège akakaa chini pale pale kwenye mavi akalia kwa furaha.

Jumamosi yake, mkubwa wa klabu aliwaambia wanachama kwamba mkuu wa mazizi ndiye aliyemwokoa Perle. Mkuu wa mazizi alikuwa nyumbani kwake amelala! Nadège alikuwa amesimama pale na ndoo. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata akaomba awe anawapanda farasi asubuhi kuwazoeza, kwa sababu alishajifunza kwa kuiba, mlinzi akijifanya haoni. Wakamjibu kwamba wasichana ni wa kusafisha, atavunjika kiuno na hakuna atakayemwoa.

Nilikasirika nikashindwa kula. Halafu nikamsomea habari ya kule Uingereza. Mpaka 1966 mwanamke alikuwa hapewi kibali cha kufunza farasi wa mbio. Kazi anaifanya yeye, kibali kinaandikwa jina la mwanamume. Helen Johnson Houghton alimfunza Gilles de Retz, akashinda mbio ya 2000 Guineas mwaka 1956, moja ya mbio kubwa kabisa za kwao, na kitabuni jina lake halikuandikwa. Mpaka bibi mmoja, Florence Nagle, miaka yake imepita 70, akawapeleka mahakamani, wakampa kibali. Miaka 17 tu baadaye Jenny Pitman akamfunza Corbiere na kushinda hiyohiyo Grand National yetu, kwa jina lake mwenyewe. Nadège alisikiliza, akaniomba nirudie ile ya Gilles de Retz. Nikarudia. Akasema, "Kwa hiyo yule mama alisimama pale na ndoo kama mimi." Sikujua nimjibu nini.

Sasa ombi. Wewe uko Nairobi, na Nairobi kuna uwanja wa Ngong, wanakimbiza farasi siku za Jumapili. Mwone mtoto huyu kama ni wako. Toka misa siku moja, panda matatu ya Ngong Road, ingia, angalia. Usikae kwa watu wa pari, zunguka nyuma ambako farasi wanaoshwa, huko ndiko utapata wa kusema nao ukweli. Sitaki ahadi ya mtu, nataka kujua tu kama mlango upo. Nimeshaanza kuweka pesa za pasipoti, na njia tunaijua: Kasumbalesa, Zambia nzima, Tunduma, Tanzania, Namanga. Vitenge vyako vimepita huko mara ngapi!

Je, kuna wanawake wanaopanda huko? Na Waafrika, au ni watoto wa wenye farasi tu? Kwenye mazizi wanachukua wasichana? Wanalala hapohapo au wanapanga nje, na pakipangwa ni mahali salama kwa binti? Kibali cha upandaji wanakitoa kwa miaka mingapi, na uzito mwisho kilo ngapi? Yeye ana 51. Mkongomani anaweza kufanya kazi bila kusumbuliwa makaratasi? Na Kiswahili chake cha huku watamwelewa, au watamcheka kama walivyokucheka wewe mwezi wa kwanza? Shemeji atakubali akae kwenu wiki mbili za mwanzo? Mwulize polepole, akiwa ameshiba. Na wewe, bado unatazama mbio, au umeacha tangu uende? Siku ile ya Rachael kushinda, wewe ulilia au nimejiwekea tu kichwani kwamba ulilia?

Nijibu kabla mwezi wa sita haujaisha. Nadège hajui kwamba nimekuandikia.

Wako,
Mama Josué