384 si jibu la kila utafiti

Ndugu Mhariri,

Fungua tasnifu za madaktari wanaosomea ubingwa, nenda kwenye sura ya mbinu za utafiti, na mara nyingi utaikuta namba 384, au ndugu yake 422, kama idadi ya watu wa kuchunguzwa. Utafiti uwe wa shinikizo la damu kwa wajawazito, wa vidonda vya kisukari au wa kulinganisha dawa mbili, namba ni ileile. Naomba wasimamizi na kamati za maadili waache kuipitisha kabla ya kuuliza imetoka wapi.

Asili yake ni halali. Zidisha 1.96 kwa 1.96, kisha kwa 0.5, kisha kwa 0.5 tena, halafu gawanya kwa 0.0025, yaani 0.05 mara 0.05: unapata 384.16. Hesabu hiyo inajibu swali moja tu: nipime watu wangapi, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, ili nikadirie asilimia ya wenye hali fulani, kwa uhakika wa asilimia 95, bila kupishana na ukweli kwa zaidi ya 5 juu au chini, ikiwa sina fununu ya asilimia hiyo na hivyo naiweka 50? Ukichukua watu kwa mafungu, tuseme kaya 20 kila kijiji, majirani hufanana, kwa hiyo idadi inapaswa kuongezwa, mara nyingi hata maradufu. Ugonjwa ukiwapata watu 2 kati ya 100, kuruhusu kosa la 5 hakuna maana yoyote. Na hiyo 422 hupatikana kwa kuongeza asilimia 10 ili kufidia watakaokataa kushiriki. Lakini toa asilimia 10 ya 422 uone, wanabaki 380. Inatakiwa kugawanya 384 kwa 0.9, ndipo upate 427.

Hayo ni madogo. Hatari iko pale namba hii inapobebwa kwenda kulinganisha tiba mbili.

Chukua utafiti wa FEAST, uliofanyika katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwamo za Kilifi, Mbale na Muheza, na kuchapishwa mwaka 2011. Swali lilizuka wodini: mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, je, kumkimbizia maji mengi ya dripu kwa muda mfupi kunamwokoa? Wengi waliamini hivyo. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: mawili yalipewa maji kwa kasi, kila moja aina yake, na la tatu halikupewa. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 na 10.5 ya waliopewa maji kwa kasi, na asilimia 7.3 ya wasiopewa. Maji yale yaliongeza vifo, takriban mtoto 1 zaidi kwa kila 30 waliopewa, na utafiti ukasimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa.

Sasa mpe kazi hiyohiyo mtafiti mwenye watoto 384, yaani 192 kila upande. Angehesabu vifo kama 20 upande mmoja na 14 upande wa pili. Wigo wa uhakika wa asilimia 95, yaani eneo ambamo tofauti ya kweli huenda imo, ungeanzia vifo 2 pungufu hadi 9 zaidi kwa kila watoto 100. Majibu kama hayo hayasemi lolote, lakini kwenye tasnifu yangeandikwa "hakuna tofauti", na dripu zingeendelea kufunguliwa. Kutoiona tofauti na kutokuwapo tofauti ni mambo mawili, na anayesomea ubingwa asiruhusiwe kumaliza bila kuweza kuyatenganisha.

Hesabu inayofaa hapa inafanyika ubaoni kwa dakika tano. Kwa kila upande zidisha sehemu ya waliofariki kwa sehemu ya waliobaki hai: 0.106 mara 0.894 ni 0.0948; 0.073 mara 0.927 ni 0.0677, jumla 0.1625. Zidisha kwa 7.84, namba inayobeba uhakika wa asilimia 95 na uwezo wa asilimia 80 wa kuiona tofauti ikiwapo. Gawanya kwa tofauti yenyewe, 0.033, iliyozidishwa kwa 0.033. Jibu ni karibu watoto 1,170 kila kundi. Programu za bure za kompyuta zinafanya hivyo pia, ila mwanafunzi aanze kwa mkono, aone jinsi tofauti ikipungua nusu idadi inavyopanda mara nne.

Mafunzo ya siku mbili hotelini hayamfikishi mtu hapa. Saa moja kila wiki wodini inatosha: makala moja, swali la mgonjwa aliyepo kitandani, jedwali la safu mbili kwa mbili (waliopewa tiba na wasiopewa, waliokufa na waliopona), na kila mmoja akokotoe mwenyewe. Waulizwe pia ni nani hakuhusika. FEAST haikuchukua watoto wenye kuhara wala utapiamlo mkali, na daktari atakayemnyima dripu mtoto aliyekaushwa na kuhara kwa kisingizio cha utafiti huo atakuwa hakuusoma.

Mwanafunzi mmoja, kwa miezi sita katika hospitali moja, hawezi kupata watoto 2,340. Basi apewe swali linalolingana na uwezo wake, mfano ni wagonjwa wangapi wa malaria kali waliopata dozi kwa uzito sahihi. Hapo 384 inaweza kufaa kabisa. Au wanafunzi wa vyuo vinne watumie itifaki moja na fomu moja, wakusanye kwa miaka mitatu, kila mmoja aandike sehemu yake. Kinachozuia ni kanuni za vyuo zinazotaka kila mtu awe na utafiti wake peke yake, na kanuni hizo zinaweza kurekebishwa katika kikao kimoja cha seneti.

Mwalimu wa takwimu za afya,
Dar es Salaam