Mama mkubwa hakufa 1349

Mdogo wangu,

Shangazi ameniambia nikupigie simu tuyamalize kindugu. Nimekataa. Wewe uliyatoa hadharani, kaseti ya bendi yenu inasikilizwa na watu wasiotujua kabisa, basi na mimi naandika hapa hapa.

Muziki wako siuchukii. Wajomba walisema ni makelele ya mashetani. Mimi sikusema hivyo siku ile na leo sisemi. Nimeisikiliza kaseti yote, usiku, peke yangu. Nikatafuta na kusoma, maana nilitaka kujua hiyo blaki metali mnayopiga ni kitu gani hata mtu aliyelelewa kwa kaswida aache vyote akaishike. Nimeelewa kwamba ule ukwaruzaji si ubovu wa vyombo. Darkthrone, bendi ya Norwe, walitoa albamu ya Transilvanian Hunger mwaka 1994, na muziki wake ulirekodiwa kwa mashine ndogo ya kaseti ya njia nne, gitaa jembamba, ngoma kwa mbali, hakuna kilichopambwa. Wengi wenu mnaona hapo ndipo ukweli ulipo. Mimi pia nimeuona. Kile kipande chenu cha pili, gitaa linarudia noti zile zile chache mpaka unasahau zilianza lini: homa ya usiku ndivyo inavyokwenda. Nilipofika hapo nililia, na nilijivunia kwamba ni wewe, yule aliyetoboa ndoo za mama kwa kuzipiga ngoma.

Kilichonikera ni jalada. Mmeandika 1349, mkaweka kibibi aliyejitanda nguo nyeusi, ameshika reki.

Najua ni nani. Ni Pesta, bibi wa tauni, yule ambaye mchoraji Theodor Kittelsen alimchora kwenye kitabu chake cha Svartedauen, yaani Kifo Cheusi, 1900. Watu wa Norwe husimulia kwamba akifika na reki, wachache hupona kwa kupita katikati ya meno yake. Akifika na ufagio, hasalii mtu. Najua pia habari ya meli iliyotoka Uingereza ikaingia Bergen na tauni mwaka ule wa 1349, na kwamba nusu ya watu wa nchi ile, au zaidi, walikwisha. Iko bendi nzima ya Oslo inayojiita 1349. Ni msiba wao, wana haki ya kuulilia hata miaka 1000. Wewe unakaa Bergen, unapita bandarini pale kila siku, sishangai umekuingia.

Lakini ulimwambia mama kitu kingine.

Arobaini ya baba. Maziko hukuyawahi, tukakusamehe, nauli ni nauli. Khitma imeisha, wanawake wako nyuma wanasugua masufuria, mama amekaa mkekani. Ukachuchumaa mbele yake, ukapenyeza vile visikilizio chini ya kanga yake, ukasema, "Mama, hii nimemwimbia mama mkubwa." Nilikuwa mlangoni na birika la chai. Nilimwona mama anaukamata ule waya kwa vidole viwili, hauachii. Alisikiliza muda mrefu sana. Halafu akavitoa, kimoja kimoja, akakuuliza, "Huyu anayelia hivi ni wewe?" Ukasema ndiyo. Akauliza, "Sasa mbona dada hatajwi?"

Hukumjibu. Ulikunja waya ukautia mfukoni, ukatoka nje kuvuta sigara. Hapo ndipo siwezi kukusamehe. Wimbo ningekusamehe.

Nakushauri kama mkubwa wako: mtu akitaka kusema habari za msiba, aulize kwanza nani alikuwepo. Wewe ulikuwa mgongoni mwa mama. Mimi nilikuwa mle ndani. Tauni ilishuka Lushoto mwaka 1980, ikawa inakwenda ikirudi kwa zaidi ya miaka ishirini, na ilipofika kwetu tulikuwa tunalala chini, mahindi yako darini, na panya wamejaa huko huko. Nilimnywesha mama mkubwa maji kwa kijiko. Alikuwa na mtoki kinenani, mgumu, mguu haukunjiki, na kila nilipogusa shuka alinishika mkono nisiendelee. Wanaume walimteremsha kwa machela kwenye matope na akafia njiani. Binti yake alipigwa sindano za streptomaisini akapona, na leo ana watoto wanaosoma sekondari. Kwetu Pesta alikuja na reki, ukitaka kusema kwa lugha yenu.

Ndiyo maana nasema umechanganya misiba. Watu wa 1349 hawakujua kinachowaua. Bakteria yenyewe daktari Yersin aliitambua Hong Kong mwaka 1894. Kukata tamaa kwao nakuelewa. Sisi tulijua. Bwana afya alipita nyumba kwa nyumba kunyunyiza dawa ya viroboto, na dawa ya kutibu ilikuwepo duniani miaka mingi. Kilichokosekana ni gari na barabara inayopitika wakati wa masika. Hiyo si ya kukatia tamaa, hiyo ni ya kukasirikia, na kwenye kaseti yako nzima sikusikia hasira hata dakika moja.

Najua unavyosema kwa watu, kwamba mimi ndiye niliyeizuia nyumba isimtaje. Nilizuia, ndiyo. Mama aliachiwa mtoto wa dada yake juu ya sisi; angekaa chini kulia, nani angepika? Nilinyamazisha ili nyumba isimame, ikasimama, na wewe ukasoma mpaka ukavuka bahari kwa sababu ilisimama. Nisingefanya vingine.

Sasa mama hanyamazi tena. Kila jioni ananisimulia habari za dada yake, hata zile za usichanani, na anauliza kama yule mtoto anayelia ameshapata la kumjibu. Njoo mwezi wa pili, kabla ya mvua, uje na hiyo mashine yenu ya kaseti, umrekodi yeye kwa sauti yake. Basi la kutoka Dar nitakulipia. Kelele zako weka chini ya maneno yake, sitapinga, na jalada liandikwe jina la marehemu na Lushoto. Binti yake nimeshampa taarifa. Ana maswali yake kwako, na siku hiyo mimi sitakutetea.

Dada yako