Barua kwa Rehema: matabaka matatu, jiwe moja

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Umeuliza utafute mawe mangapi kwa ile chapa ya nyumba ya bibi, yenye mada ya wakati. Tafuta moja tu: kila tabaka utalichora juu yake, utalichapa, kisha utalisaga kabla ya kuchora lingine, na yote matatu yataangukia karatasi zilezile. Litografia, yaani kuchapa picha iliyochorwa kwa mafuta juu ya jiwe (wino hushika palipo mafuta, maji huukataza kwingine), ina ugonjwa wake wa siku zote, mzuka: mafuta ya krayoni hupenya ndani ya jiwe la chokaa, na lisiposagwa vya kutosha, picha uliyodhani umeifuta hushika wino tena, hafifu. Wachapaji huhangaika kuuondoa. Kwa chapa ya kumbukumbu, wewe uache.

Saga jiwe kwa kaborandamu, ule unga mgumu wa kusagia, namba 80, kisha 180, mwisho 220; namba ikikua, punje huwa ndogo zaidi. Lioshe kabisa kila unapobadilisha namba. Punje moja ya 80 ikibaki, mkwaruzo wake utauona kwenye kila nakala. Pambizoni kwaruza kwa sindano herufi T upande mmoja na mstari upande wa pili. Chimba kidogo, maana alama za penseli zitasagika na tabaka la kwanza, na hapo karatasi hutaweza kuilinganisha tena.

Unapochora usiegemeze kiganja, jasho nalo lina mafuta. Tarehe iandike kinyume. Na saa ya ukutani, tafadhali, usiiweke. Kila mtu akisikia neno "wakati" anachora saa.

Nyunyiza podari, kisha paka gamu arabiki, ule utomvu wa mgunga, yenye asidi ya nitriki: anzia matone 5 au 6 kwa mililita 30 penye mistari hafifu, 12 hivi penye weusi mzito. Asidi ikizidi, vivuli laini ndivyo vinavyokufa kwanza. Ikipungua, picha huziba ikawa doa. Jiwe la kijivu ni gumu kuliko la manjano, kwa hiyo huvumilia zaidi. Acha hadi kesho yake, ndipo ufute mchoro kwa tapentaini na kupitisha rola ya wino. Sponji isikae mbali: jiwe likikauka katikati ya kazi, wino hushika hata pasipo picha.

Rangi ya kwanza iwe nyepesi, kijiko kimoja cha wino kwa vijiko saba vya besi angavu, ile isiyo na rangi ya kupunguzia ukali wa wino. Ukitaka nakala 12, chapa 18, kwa sababu ukishasaga hakuna kurudi nyuma. Karatasi zenyewe zipitishe mashineni kavu mara mbili tatu kabla ya kuanza. Hutanuka zikikandamizwa, na zikitanuka katikati ya matabaka, dirisha litahama ukutani.

Sasa saga tena, kwa 220 peke yake, raundi chache. Osha, utazame jiwe likiwa bichi: mzuka utauona kama kivuli cha kijivu. Ukikuzidi, saga kidogo tena. Mwagia siki iliyozimuliwa ili jiwe likubali mafuta upya, suuza, kausha, chora tabaka la pili, rudia gamu na asidi. La tatu liwe jeusi kuliko yote na dogo kuliko yote. Ningechora mlango tu.

Kati ya tabaka na tabaka subiri angalau siku nzima. Wino mbichi huganda kwenye jiwe na kuchafua nakala inayofuata.

Nitumie nakala moja ya tabaka la kwanza kabla hujasaga.

Wako,
Zuhura