Wanaojitolea kujenga ng'ambo wasimamiwe na fundi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu watu wanaojitolea kwenda nchi za nje kujenga madarasa na zahanati kwa zana za mikono, jambo ambalo si geni, kwani mwaka 1920 Pierre Cérésole wa Uswisi aliongoza wenzake kukijenga upya kijiji cha Esnes, Ufaransa, kilichobomolewa na vita.

Nia njema haigandishi zege. Uchanganyaji wa koleo hutaka saruji na mchanga vigeuzwe vikiwa vikavu hadi rangi iwe moja, ndipo maji yaongezwe kidogo kidogo. Lakini mgeni aliyechoka (na kuchoka atachoka) huzidisha maji ili koleo lipite kwa urahisi, na hapo nguvu ya zege hupungua. Kisha zege hilo hupaswa kumwagiliwa kwa siku 7 hivi, na pengine wageni wamekwisha kupanda ndege.

Kwa hiyo waandaaji wamlipe fundi mwenyeji asimamie timazi (uzi wenye uzani wa kupimia ukuta usimame wima), pimamaji (kifaa cha kupimia usawa) na vipimo vya mchanganyiko, nao wageni wachote maji, wabebe kokoto na kupitisha matofali.

Fundi mwashi mstaafu